Chini ya Masizi

Sufuria ya Mama Zuhura imeungulia mikononi mwangu.
Pilau la arobaini ya mjomba Kitumbika,
kuni mbichi, mpishi kashika simu,
ukoko ukaganda kama lami ya barabara ya Kasulu.
Na aliyeiazima ni mimi.

"Nitairudisha kesho," nilisema.
Kesho ndiyo hii, imeshapanda mpaka kwenye paa za Ujiji.

Stilwaya imeisha, duka la Bihagaze limefungwa.
Nikafungua kabati la jikoni
nikakuta urithi wangu wote umepangwa kwenye makopo.

Kwanza chumvi. Ya Uvinza, yenye chembe nene,
viganja vitatu na maji ya kufunika,
moto mdogo, mfuniko juu.
"Ukoko haupigwi," mama alikuwa akisema,
"ukoko unabembelezwa."
Nikaubembeleza mpaka adhuhuri,
nikaukwangua kwa mwiko wa mti,
ukabanduka mapande mapande, kama gome.

Mawese yalikuwa yameacha pete ya rangi ya chungwa ukingoni,
migebuka ya nani, ya lini, sijui.
Unga wa muhogo, mkavu, ukayanywa.
Kopo la magadi nililifungua, nikalinusa, nikalifunga:
magadi ni ya maharage;
sufuria ukiisugua nayo inanuna,
inaingia weusi wa kinyongo.
Ukwaju ndio dawa. Nikauchemshia humo humo
na ndani kukacheka.

Nikaipindua.

Loo! Mama Zuhura huyu,
haipaki udongo kabla ya kuinjika?
Masizi juu ya masizi,
ngozi ya miaka, hata kucha haiingii.
Nikachekecha jivu, nikalikamulia ndimu,
likafuka povu dogo la hasira.
Gunzi la mahindi mkononi, sufuria magotini,
duara, duara,
mkono ukichoka, mwingine,
duara,

mpaka gunzi likaanza kukwaruza kwenye vitundu.

Vitundu vya msumari. Vimepangwa.
Nikamwaga maji.

S. Imetazama nyuma,
kama mtu aliyeitwa akiwa njiani.
I. Kisha W.

Mtu mmoja tu Ujiji nzima aliandika S hivyo.
Alijifunza herufi ukubwani, darasa la jioni,
daftari limefungwa na ubwabwa kwenye kitambaa kimoja,
na msumari wa inchi tatu ulikuwa kalamu yake ya pili.

SIWATU.

Niliikumbuka ikitoka nyumbani, mimi wa darasa la tatu,
ikienda kwenye matanga ya ng'ambo ya reli.
Haikurudi. Mama aliulizia nyumba tatu,
ya nne hakufika. "Vyombo vya shughuli vina miguu,"
alisema, akapika nusu nusu mwaka mzima
kwenye kijisufuria cha chai.

Labda Mama Zuhura aliichukua.
Labda alipewa na aliyepewa.
Labda ilimfuata tu, mwisho wa tanga,
wanawake wamechoka, taa imefifia, kila mtu anaokota iliyo karibu.
Nimekaa na jivu linanikaukia vidoleni
na sijui bado
yale masizi yalikuwa uvivu au pazia.

Chombo cha watu hakirudi kitupu.
Nikaweka ndani ndimu nne na chumvi kwenye karatasi,
nikajitwika bila kata,
jina la mama likalala kwenye nywele zangu
njia yote, likiwa bado na joto la jua.

Herufi tano nilizing'arisha.
Ya mwisho nilimwachia na masizi yake,
asije akasema nimeandika leo.

"Hodi."
"Karibu. Eh! Imetakata hivi, umeioshea nini?"
Akatoa ndimu, akatoa chumvi,
akaiinua juu, tako kwenye mwanga,
kama mtu anayetafuta panapovuja.

Akakaa nayo hivyo.
Mikono yake ilianza kutetemeka,
lakini ile sufuria ni nzito.
Mimi mwenyewe ilinitetemesha.